Nani Alizihesabu? Hotuba kuhusu hisani ya vyama vya udugu vyuoni

(Hotuba hii ilitolewa mbele ya wanafunzi na wazazi wanaozungumza Kiswahili waishio Pennsylvania, Marekani. Imehaririwa kidogo kwa ajili ya wasomaji.)

Ndugu mwenyekiti wa mkutano, wazazi wetu, ndugu zangu wanafunzi, mabibi na mabwana. Wakubwa shikamooni, na vijana hamjambo.

Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumze kuhusu kuchangisha fedha za hisani na kuitumikia jamii kupitia vyama vya udugu vya vyuoni, yaani vile vyama vya wanafunzi wa kiume vinavyojulikana kwa herufi zao za Kigiriki. Najua kwa nini mmeniita mimi. Kwa miaka miwili nilikuwa mweka hazina wa hisani wa tawi moja la chama cha namna hiyo, katika chuo kidogo cha jimbo hili, kazi ambayo hakuna aliyeigombea, nami nikakabidhiwa kwa sababu moja tu: katika nyumba nzima nilikuwa mtu pekee aliyetunza risiti zake za sokoni. Kwa hiyo msitarajie maneno ya msemaji wa chama, kwani nitazungumza kama mtu wa daftari.

Mama mmoja alinivuta kando hapo mlangoni kabla hatujaanza, akaniuliza kwa sauti ya chini iwapo vyama hivi si Frimasoni. Swali lake lilikuwa la haki kabisa. Mtu anayesikia habari za viapo, za kusalimiana kwa mikono kwa namna wanayoijua wenyewe, na za nyumba zenye herufi zisizosomeka juu ya mlango, halaumiki akishtuka. Jibu nililompa ni hapana. Chama cha kwanza cha herufi za Kigiriki, Phi Beta Kappa, kilianzishwa mwaka 1776 katika chuo cha William & Mary huko Virginia na wanafunzi waliotaka mahali pa kujadiliana mbali na masikio ya walimu wao, na baadaye kikawa jumuiya ya kuwaenzi wanafunzi waliofaulu vizuri. Vyama vya udugu vya aina tunayoiona leo, vyenye maisha ya pamoja na urafiki wa kudumu, vilianza kuota mizizi katika Union College, New York, kuanzia mwaka 1825. Chama huwa na ofisi kuu ya kitaifa, na katika kila chuo kinachokikubali huwa na tawi lenye viongozi wake, ada zake na mara nyingi nyumba yake. Tawi ndilo linalochangisha, ndilo linaloshika koleo na fagio, na ndilo linaloharibu mambo yanapoharibika, kwa hiyo nitalizungumzia tawi zaidi kuliko chama.

Wazazi wangu, kuna upande mmoja wa historia hii unaotuhusu sisi watu weusi, nao hauwezi kurukwa. Mwaka 1906 vijana saba weusi waliokuwa wakisoma Cornell, wachache na wapweke katika chuo kikubwa cha Wazungu, walianzisha Alpha Phi Alpha. Katika mazingira yale kusaidiana kulikuwa ndiyo njia ya kubaki shuleni. Mwaka 1914, katika Howard University jijini Washington, kikazaliwa Phi Beta Sigma, chama ambacho baadaye kiliwapata wanachama wawili kutoka Afrika Magharibi mnaowafahamu wote: Nnamdi Azikiwe, rais wa kwanza wa Nigeria, na Kwame Nkrumah, rais wa kwanza wa Ghana. Wote wawili walisoma Lincoln University, katika jimbo hili hili tulimokaa usiku huu. Mama yangu uliyeniuliza pale mlangoni, nadhani majina hayo mawili yatakupunguzia hofu kidogo.

Alpha Phi Alpha ndicho kilichonifundisha maana ya subira katika kuchangisha. Martin Luther King alijiunga nacho mwaka 1952 alipokuwa mwanafunzi wa uzamivu Boston. Mwaka 1984 ndugu zake wa chama wakatoa pendekezo kwamba ajengewe kumbukumbu jijini Washington. Bunge la Marekani liliridhia mwaka 1996, na kumbukumbu yenyewe ikazinduliwa tarehe 16 Oktoba 2011, baada ya kukusanywa fedha za kutosha kazi iliyogharimu kiasi cha dola milioni 120. Hesabuni wenyewe: mtoto aliyezaliwa mwaka wazo lile lilipotolewa alitimiza umri wa miaka 27 mwaka wa uzinduzi. Katika muda huo wanafunzi waliingia na kuhitimu, viongozi wakabadilika, na bado akaunti iliendelea kujazwa bila kuvunjwa. Sisi tunaochoshwa na kundi la WhatsApp la michango ya harusi kabla hata kadi hazijachapwa tuna la kujifunza hapo.

Nipite haraka kwenye chama kingine cha hapa hapa, Alpha Phi Omega, kilichoanzishwa mwaka 1925 katika chuo cha Lafayette, mjini Easton, kwa misingi ya maskauti. Hicho ni chama cha huduma tangu kilipozaliwa. Tangu mwaka 1976 kinapokea wanaume na wanawake, na mwanachama wake anaweza pia kuwa katika chama kingine cha udugu. Nakitaja kwa ajili ya vijana wanaotaka kutumikia jamii lakini hawataki, au wazazi wao hawataki, ile nyumba.

Sasa naomba nikae kidogo kwenye mfano mmoja, kwa kuwa ni mkubwa na uko karibu nasi. Mwaka 1973 baraza la vyama vya udugu la Penn State, chuo kikuu cha jimbo hili, liliandaa mkesha wa kucheza dansi kwa saa 30, na likapata dola 2,000 na ushei. Mwaka 1977 waandaaji wakaamua kuelekeza fedha zao kwenye mfuko wa Four Diamonds, ulioanzishwa na Charles na Irma Millard baada ya mtoto wao Christopher kufariki kwa saratani mwaka 1972, akiwa na umri wa miaka 14. Kijana huyo alikuwa ameandika hadithi ya shujaa anayetafuta almasi nne, ambazo ni ujasiri, hekima, uaminifu na nguvu, na jina la mfuko likatoka humo. Kazi ya mfuko ni rahisi kueleza na ngumu kutekeleza: mtoto mwenye saratani anapotibiwa katika hospitali ya watoto ya Penn State huko Hershey, mfuko hulipa zile gharama za matibabu ambazo bima haikuzilipa, ili wazazi wasipelekewe ankara wakati wanapouguza. Fedha nyingine huenda kwenye utafiti wa saratani za watoto.

Mkesha huo, ambao siku hizi unaitwa THON, hufanyika kila Februari katika ukumbi wa Bryce Jordan Center. Wachezaji zaidi ya 700 husimama kwa saa 46 bila kuketi wala kulala, nyuma yao wakiwapo maelfu ya wanafunzi wanaopika, wanaofagia, wanaolinda milango na wanaowakanda miguu wachezaji. Mwishoni tarakimu huinuliwa jukwaani moja baada ya nyingine. Mwaka 2024 zilisomeka zaidi ya dola milioni 16.9, na tangu mwaka 1977 jumla imepita dola milioni 200.

Watu wengi husimulia tarakimu hizo kisha wakanyamaza, kana kwamba wamemaliza. Mimi naomba mtazame kitu kinachofanyika miezi kumi na moja kabla ya tarakimu. Kila chama kinachoshiriki huweza kuunganishwa na familia ya mtoto mgonjwa. Vijana humtembelea mtoto, humwimbia siku yake ya kuzaliwa, huenda kumtazama akicheza mpira anapopata nafuu, na mara nyingine huvaa suti na kwenda kumzika. Mwanafunzi aliyekwenda kwenye mazishi ya mtoto aliyemjua kwa jina hahitaji kuelezwa na mweka hazina kwa nini senti hazipaswi kupotea njiani. Huo ndio ulinzi bora wa fedha za hisani ninaoujua, na hauuzwi dukani pamoja na visanduku vya kufuli.

Lakini hata kazi nzuri kiasi hicho ilikuwa na upande uliogharimu uhai. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya fedha za THON ilipatikana kwa wanafunzi kusafiri mwisho wa wiki hadi miji ya mbali na kusimama kwenye makutano ya barabara wakiwa na makopo ya kuombea michango. Wanafunzi walikufa katika ajali za barabarani katika safari hizo. Waandaaji wakaamua kuyaacha makopo hatua kwa hatua, na wapo waliosema kwamba fedha zitaporomoka. Mwaka 2014, makopo yakiwa bado yanatumika, zilikusanywa dola milioni 13.3, mwaka 2023, bila makopo, zikapita milioni 15. Nawaambia hivi vijana ambao mtaambiwa na wakubwa wenu katika tawi kwamba njia fulani ya hatari ndiyo njia pekee.

Nirudi kwenye daftari. Kuna jambo la sheria ambalo wanachama wengi hawalijui hata wanapohitimu. Kwa sheria ya kodi ya Marekani, chama cha udugu kwa kawaida kimeandikishwa kama klabu ya kijamii, chini ya kifungu cha 501(c)(7). Mtu akikipa chama chenyewe dola mia, hawezi kuzitaja kama sadaka katika hesabu zake za kodi. Mashirika ya hisani yako chini ya kifungu kingine, 501(c)(3), na huko ndiko mtoaji anaweza kupunguziwa kodi. Ndiyo maana vyama vingi vimeunda taasisi za hisani zilizosimama peke yake, na ndiyo maana hundi ya mchango inatakiwa kuandikwa jina la shirika linalosaidiwa badala ya jina la tawi. Kijana anayemwambia mwenye duka la mjini kwamba mchango wake utapunguziwa kodi, kisha akaiweka hundi ile katika akaunti inayolipia muziki wa sherehe ya Ijumaa, amesema uongo hata kama hakukusudia, na baadaye akizihamisha fedha zote hadi senti ya mwisho, uongo haufutiki.

Nitawasimulia kisa cha tawi letu. Mwaka wangu wa kwanza katika kazi hiyo tuliandaa chakula cha jioni cha tambi kwa ajili ya benki ya chakula ya mji, yaani ghala linalowagawia chakula bure wasio na uwezo. Tiketi ilikuwa dola 8, tukauza tiketi 176, na usiku ule ule mwenyekiti wetu, kwa furaha, akabandika tangazo kwamba tumepata dola 1,408. Nilipofungua kisanduku asubuhi nikakuta dola 1,212. Sikulala vizuri siku mbili. Ikaja kugundulika kwamba vijana wawili walichota dola 131 kisandukuni katikati ya shughuli wakakimbia dukani kununua nyanya za kopo na sahani za karatasi, na risiti ikapatikana mfukoni mwa koti. Zikabaki dola 65 ambazo mpaka leo sijui zilikokwenda.

Katika kikao cha tawi mmoja wa wakubwa wetu alisema kwamba dola 65 si kitu, kwamba benki ya chakula itafurahi kwa chochote, na kwamba kulichimba jambo ni kuwatuhumu ndugu. Nilikaa kimya kwa muda, kwani nilikuwa mgeni, mweusi, na Kiingereza changu kilikuwa bado kinatembea kwa mkongojo. Kisha nikauliza swali moja: nani alizihesabu? Hakuna aliyejibu, kwa kuwa hakuna aliyezihesabu. Kila mmoja alidhani mwenzake amefanya. Tulikuwa viongozi 13, kila mmoja akatoa dola 5 kutoka mfukoni mwake, na benki ya chakula ikapokea dola 1,277, ambazo ndizo zilizokuwa haki yake baada ya gharama. Halafu tukafanya jambo lililotuuma zaidi kuliko zile dola tano: tukabandika tangazo la pili, mahali pale pale palipokuwa la kwanza, tukisema kwamba zile 1,408 zilikuwa mauzo, na kwamba tulikosea kuziita mchango. Kuanzia usiku ule tukawa na kanuni kwamba watu wawili wanahesabu, wa tatu anatia saini, na kazi hiyo inafanyika kabla vyombo havijaoshwa. Mwaka uliofuata mwenye duka aliyekuwa ametunyima mchango alitupa gunia la mchele na maboksi ya nyanya, akasema amelisoma tangazo letu la pili.

Nimezungumza sana kuhusu fedha, na huduma ya mikono inastahili nafasi yake. Jumatatu ya tatu ya Januari ni sikukuu ya Martin Luther King, na tangu mwaka 1994 sheria imeifanya pia kuwa siku ya taifa ya kujitolea. Matawi mengi hutoka siku hiyo. Letu lilitoka kuondoa theluji kwenye njia za wazee. Tulikuwa vijana 20, tukafanya kazi kwa dakika 40, tukapiga picha, na ripoti iliyopelekwa ofisi kuu ikasema tumetoa saa 20 za huduma. Mnisamehe, mimi siwezi kuona tarakimu nikaiacha. Dakika 40 mara watu 20 ni saa 13 na dakika 20. Lakini kosa kubwa kuliko la hesabu tulionyeshwa na bibi mmoja mjane aliyeishi nyumba ya tatu kutoka kwetu. Alitushukuru, akatugawia biskuti, kisha akauliza: “Redio imesema Jumanne theluji itaanguka tena. Mtakuja?” Jumanne tulikuwa na mtihani, na hakuna aliyekwenda.

Swali lile lilibadilisha namna tulivyopanga kazi. Badala ya vijana 20 kwa siku moja, tukaweka zamu ya wawili wawili kila theluji inapoanguka, majira yote ya baridi, katika nyumba nne tu. Hakukuwa na picha ya kuvutia, kwani hakuna anayepiga picha saa kumi na mbili asubuhi. Mwezi wa tatu ulipofika tulikuwa tunajua nani kati ya wale wazee ana kisukari, nani mwanawe yuko mbali, na nani hataki kabisa kusaidiwa kubeba mifuko ya sokoni. Katika mtaa nilikokulia mimi, Tanga, hilo lisingeitwa huduma ya jamii, lingeitwa ujirani. Huku linahitaji ratiba.

Nimefika kwenye sehemu ambayo ningeweza kuikwepa, na wazazi mngetoka hapa mmefurahi. Mapema Februari 2017, wiki mbili kabla ya mkesha ule niliousifia, mwanafunzi wa mwaka wa pili wa Penn State alifariki baada ya kunyweshwa pombe kupita kiasi na kuanguka katika nyumba ya chama cha udugu, usiku wa kuwakaribisha wanachama wapya, na muda mrefu ukapita kabla ya msaada kuitwa. Mwaka 2018 Pennsylvania ilipitisha sheria inayoufanya utesaji wa wanachama wapya unaosababisha madhara makubwa au kifo kuwa kosa kubwa la jinai, na mwishoni mwa 2024 ikasainiwa sheria ya taifa zima inayovitaka vyuo kutangaza hadharani matukio ya aina hiyo. Sisi tunaotoka kwenye jando tunaelewa kwamba kijana anaweza kupitishwa katika jambo gumu ili awe mtu. Lakini jando lina ngariba na wazee, na mtoto anarudishwa kwa mama yake. Vijana wa miaka 20 waliolewa hawana mzee kati yao.

Kuna watu wanaosema kwamba mamilioni ya THON yanafidia mambo haya. Siwezi kukubaliana nao, na naomba vijana wetu msikubaliane nao pia. Mtoto anayetibiwa Hershey na kijana aliyeachwa kitandani bila daktari hawawekwi kwenye mizani moja, mmoja akawa faida na mwingine hasara. Tawi linalotumia hisani kufunika kombe ili mwanaharamu apite limemtumia hata yule mtoto mgonjwa bila idhini yake. Yapo matawi mengi yasiyo hivyo, langu likiwa mojawapo kwa sehemu kubwa, na nasema kwa sehemu kubwa kwa sababu nilikuwamo.

Kwa hiyo, mwanangu au mdogo wangu anayefikiria kujiunga, nenda kwenye meza yao siku ya kuwakaribisha wapya, na usiulize kwanza walikusanya kiasi gani, kwani hilo watakuambia wenyewe na limeandikwa kwenye fulana. Uliza fedha za mwaka jana zilihesabiwa na nani, na shirika lililopokea liliandika barua ya kupokea kiasi gani. Omba kuiona. Uliza ni nyumba gani au shule gani ambayo tawi limekwenda zaidi ya mara tatu. Uliza pia wanachama wapya hufanya nini usiku wa kukaribishwa, na ukijibiwa kwa kicheko, chukua mkoba wako. Nawe mzazi, ada ya uanachama ni fedha yako. Unayo haki ya kuuliza maswali hayo hayo kwa simu, hata kwa Kiingereza cha mkongojo, maana mimi niliyauliza kwa Kiingereza hicho hicho.

Daftari la mwaka wa tambi nimekuja nalo, pamoja na nakala za matangazo yote mawili. Liko juu ya meza ile karibu na birika la chai, na ukurasa wa zile dola 65 una wino mwekundu. Karibuni mlipekue wakati chai inamiminwa, kisha mwenyekiti akiruhusu nitajibu maswali. Ahsanteni.